Dakika Kumi na Tisa za Mama Fungua

Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi jioni, mtunza ghala la silaha wa kampuni yetu ya ulinzi anakabidhi funguo baada ya miaka 31 kazini. Walinzi tunamwita Mama Fungua, kwa sababu hajawahi kupokea silaha dirishani pake bila kusema, "Fungua nione."

Silaha zetu ni 44. Hutoka asubuhi, hurudi jioni, na mara zote mbili yeye huzikagua. Hata ukitoa likizo na siku zake za mapumziko, amekagua zaidi ya mara laki saba, na hakuna aliyejeruhiwa. Utaratibu wake haubadiliki: mdomo wa silaha uelekee kwenye pipa la mchanga, kidole kikae mbali na kifyatulio, magazini, yaani kasha la risasi, itoke kwanza, ndipo uvute nyuma sehemu ya juu ya silaha kuhakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu. Kisha risasi zinahesabiwa moja moja. Walinzi walimtania kwamba hata ukimpelekea chungwa atakuambia ulifungue.

"Una watoto wangapi?" alimuuliza mmoja aliyelalamika.

"Watatu, mama."

"Umewahesabu, sio? Basi na mimi niache nihesabu."

Miaka tisa iliyopita, meneja aliamuru magazini za kundi la mwisho zikusanywe kwenye trei moja ili kuokoa muda. Walinzi 22, risasi kumi kila mmoja. Mama akahesabu 219. Akafunga geti.

"Mama, risasi moja tu!" meneja akafoka. "Magari manne yanangoja. Waachie watu waende."

"Hatoki mtu, bosi. Hiyo moja ndiyo naitafuta."

Akaanza kupitisha bastola pipani, mtu mmoja mmoja, huku matusi yakimwagika kwenye foleni. Kwenye dakika ya kumi na nane, mlinzi mmoja uvumilivu ukamwishia. Akaapa kwamba yake ni tupu, akaichomoa kiunoni athibitishe, kidole kikaenda kwenye kifyatulio. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mbao tu, na nyuma ya mbao makarani wawili. Mama akamdaka kifundo cha mkono, akaukandamiza pipani. Mlio ukatuziba masikio. Mchanga uliruka hadi kwenye daftari.

Mlinzi huyo alikuwa ameitoa magazini akiwa bado garini, lakini alivuta sehemu ya juu kabla ya kuitoa. Kwa kugeuza hatua hizo mbili, aliipandisha risasi kwenye chemba kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake, Mama Fungua alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha magari dakika kumi na tisa. Barua hiyo bado imo kwenye faili lake.

Mlinzi yule ni mimi. Sikupewa hata karipio. Tangu hapo nimepanda vyeo vitatu, na leo ni mkuu wa mafunzo. Yeye cheo chake ni kilekile. Nimeomba kwa maandishi mara sita barua ile iondolewe. Majibu: sifuri. Hili ni ombi la saba, na safari hii linasomwa na wafanyakazi wote. Zimebaki siku nne.

Asante, mama yetu. Makarani wale wawili wanakusalimu. Mmoja sasa ana mjukuu. Tunakuombea afya na mapumziko matamu, na Ijumaa utoke na faili safi.