Mlango wa Chanjo

Kijiwe chenyewe kiko nje ya kibanda cha kinyozi, ng'ambo ya barabara inayopita mbele ya zahanati, kwa hiyo kahawa hunywewa huku macho yakilitazama geti. Wenyeji wa benchi ni wachache. Kuna Daktari, ambaye hajawahi kutibu chochote ila simu zilizotumbukia majini. Kuna Mheshimiwa, muuza viatu vya mitumba asiyeweza kuomba sukari bila kuhutubia. Na kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye asubuhi hiyo hakushika mkasi. Alimpakata binti yake, yule wanayemwita Bosi, na mfukoni alikuwa na kadi ya kliniki. Mkewe ameanza kazi kiwandani, na alipokuwa akitoka alisema neno moja tu: leo mtoto achomwe sindano ya surua, maana miezi tisa imeshampita, na mtoto wa mpangaji mwenzao yuko hoi na surua hiyo hiyo. Kinyozi alitoka nyumbani na nia njema kabisa. Ila alipoliona geti, moyo ukamwambia apate kwanza kikombe kimoja.

Sasa alikuwa kwenye cha tatu.

— Umejiletea mteja? Mbona nywele zenyewe hana! alisema Daktari.

— Nampeleka chanjo.

— Chanjo gani tena? Lete bega hilo nilione.

Daktari akapandisha mkono wa gauni la Bosi. Palikuwa na kovu dogo, mfano wa punje ya mtama.

— Si hili hapa! Huyu tayari, bwana. Kovu ni kama alama ya chaji. Ikishajaa, ukizidi kuchomeka unaua betri.

— Mama yake anasema hilo ni la kifua kikuu, alichomwa alipozaliwa. Ya leo ni ya surua.

— Mwili ni mmoja. Simu moja utaiwekea betri ngapi?

Mheshimiwa akakohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta kipaza sauti.

— Ndugu zangu, mimi ni ushahidi unaotembea. Akakunja shati hadi begani. Tazameni kovu hili. Chanjo za enzi zile! Tangu hapo hata mafua siyajui.

— Hilo si la pasi? aliuliza muuza kahawa, bila kuinua macho kwenye birika. Dada yako kanisimulia. Mligombania shati.

— Pasi ilipita juu ya chanjo.

Benchi likacheka, na Bosi akacheka kwa kuwa wengine wamecheka.

— Tena baba akishachanjwa, mtoto anazaliwa nayo, aliendelea Daktari. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Na kidole kimoja hakivunji chawa, alidakia Mheshimiwa. Sindano moja itafanya nini peke yake? Subiri zilimbikizane, apigwe zote siku moja, mambo yaishe.

— Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Kinyozi.

— Haswa! Na ukuta si ndio imara? Nani aliwahi kulala ndani ya ufa?

— Halafu surua inaogopa kelele, alisema Daktari, sasa ameshapamba moto. Umeshawahi kuona fundi bati ana surua?

Kinyozi alijua ni porojo tupu. Lakini kila porojo ilimpa nafasi ya kukaa kidogo zaidi, na hilo ndilo alilokuwa analitaka. Alikuwa anaogopa, mtu mzima na ndevu zake. Mara ya kwanza walipopaswa kwenda, mtoto alikuwa na mafua madogo. Mara ya pili wateja walijaa. Na tangu hapo alijitungia jambo ambalo hakuambiwa na yeyote: kwamba mtoto akichelewa, hurudishwa kwenye sindano ya kwanza na kuanza upya. Zile zote, tena, na safari hii yeye ndiye wa kumshika mikono. Kisha nesi amuulize mbele ya kina mama, "Baba, ulikuwa wapi?" Akamkumbuka yule mtoto wa mpangaji mwenzao, macho mekundu, hataki hata mwanga wa dirishani. Bosi alikuwa anatafuna kola ya baba yake, hana habari.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja kijana, mtoto mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi mgeni mtaa huu. Eti chumba cha chanjo ni mlango upi?

Wote wakalitazama geti kana kwamba limejengwa usiku wa jana.

— Ule wa bluu, alisema Mheshimiwa.

— Wa bluu ni wa meno, alisema Daktari. Nilishang'olewa pale.

— Basi wa pembeni yake.

— Pembeni ni choo.

Hakuna aliyeujua mlango. Baina yao walikuwa na watoto wa kujaza darasa, na wajukuu juu.

— Na wako kachelewa? Kinyozi alimuuliza mgeni, kwa sauti ya chini.

— Sana tu. Tulikuwa tunahama. Lakini nesi wa kule alinambia wanaendelea pale walipoachia.

— Hawaanzi upya?

— Waanze upya kwani zile za kwanza zimemwagika?

Muuza kahawa aliliinamisha birika. Likatoa tone moja, basi. Kinyozi akasimama, Bosi begani.

— Mlango hata mimi siujui, dada. Twende tukaulize.

Nesi hakumuuliza alikuwa wapi. Alimwambia tu amshike mkono vizuri, na kwamba amefanya jambo jema kumleta. Bosi alilia kilio cha kuita mtaa mzima, kisha akaona kalamu ya nesi na kunyamaza. Baba yake ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Aliporudi, benchi lilikuwa bado limekaa, vikombe vitupu. Hakuna aliyemtania, ingawa macho yake yalisema yote. Mheshimiwa alikuwa ameshashusha mkono wa shati lake. Akasogea, akampisha akae.

— Kinyozi, alisema, na safari hii hakuhutubia. Yule mjukuu wangu, wa binti yangu... Ni mlango upi?