Wiki ya Kwanza ya Mvua

Treni ilipoondoka Karatina, Ambaro, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akirudi Nanyuki, alitaka kulala. Mzee aliyeketi mbele yake hakumpa nafasi.

"Hizi pesa za mashirika ya misaada zimeharibu watu," mzee alimwambia mama aliyeketi kando yake. "Mtu akitumiwa kwa simu, kibarua hataki tena. Mvua imeanza na sina hata mmoja wa kunipandia viazi!"

"Mimi nilitumiwa mwaka jana," mama alisema.

Ambaro alifungua jicho moja.

"Ati wewe?" mzee aliuliza. "Ukanunua nini? Nguo?"

"Unga, mzee. Nikakaa wiki mbili bila kwenda kibarua kwa mtu."

"Si huo ndio uvivu!"

"Ngoja. Kabla ya hapo, mvua ikianza, nilikuwa napanda kwa watu kama wewe ndio watoto wakule. Kwangu napanda mwisho, navuna gunia mbili. Hiyo mwaka nilianza na kwangu. Mbegu ile ile, jembe ile ile. Gunia tisa!"

Ambaro, ambaye sokoni huamini mizani kuliko mdomo wa mwenye mbuzi, alifungua jicho la pili.

Treni ilianza kupunguza mwendo kuingia kituo cha Chaka. Mzee alisimama na kuvaa kofia.

"Sasa viazi vyangu vitapandwa na nani?"

"Wiki ya tatu ya mvua, nikimaliza kwangu, niko na nafasi. Nitakuja."

"Wiki ya tatu! Si mvua itakuwa imekatika, udongo umekauka?"

"Eeh," mama alisema, akimpisha apite. "Hiyo wiki ndiyo nilikuwa napanda kwangu, miaka tisa."