Balozi Aliyekataa Kuondoa Rasimu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio. Unayeosha vyombo endelea tu, ila punguza bomba, maana leo kuna mama anaongea kwa sauti ya chini na sitaki umkose.

Tunamkumbuka balozi. Yule balozi aliyekaa kwenye baraza la usalama la dunia, akataka kuwanyang'anya wakubwa turufu yao. Amefariki juzi sebuleni kwake. Mtaani walimwita Bwana Kipengele, na kusema kweli alikuwa anakera. Dukani alikuwa anasoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni mpaka foleni inamtukana. Hakuoa. Dada yake anasema nani angekaa na mtu anayeomba marekebisho hata kwenye salamu.

Sasa tuelewane hapa, maana habari yote iko hapa. Lile baraza lina viti vya kudumu, na ni vya wakubwa wachache, yaani nchi zenye nguvu. Wengine wanaingia kwa zamu, miaka miwili, kisha kwaheri. Na wakubwa wana turufu. Yaani meza nzima ikubali, mkubwa mmoja akinyoosha mkono kupinga, jambo limekufa. Mmoja tu. Limekufa.

Nchi ya balozi ilipopata zamu, alipeleka rasimu ya azimio. Ilitaka mambo mawili. Wanaokaa nje siku zote wapewe viti vya kudumu. Na turufu isitumike pale raia wanapouawa. Kwanza walimcheka. Akazunguka ofisi kwa ofisi, soli ya kiatu inapiga makofi, mpaka wengi wakasema sawa, tuko na wewe. Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Alikuwa na dada mmoja, mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi. Dada aliolewa nchi jirani, akazaa wawili, wa kiume na wa kike. Vita vikaja. Mumewe akafa kwa kombora. Mji ukazingirwa. Chakula hakiingii, dawa haziingii, watu wanakunywa maji ya mtaro. Na jeshi lililouzingira mji lilikuwa rafiki wa mkubwa mmoja mwenye turufu.

Kwa hiyo mezani pakawa na rasimu mbili. Ya kwanza ya balozi, ya kuifunga turufu. Ya pili ya kuruhusu msafara wa chakula uingie kwenye ule mji. Shikeni hapo. Rasimu mbili.

Siku ya kura, balozi wa ile nchi kubwa akamkuta kwenye mashine ya kahawa. Mtu mpole, mnyenyekevu, akamkorogea na sukari. Akamwambia, ondoa yako, mimi sitapinga ya msafara. Halafu akaongeza, "Watoto wa dada yako watakula Ijumaa."

Aliwajua. Alikuwa ameshaulizia habari zao mapema.

Balozi akapiga simu. Dada yake anaikumbuka hivi:

"Nilimwambia, kaka, ondoa. Akasema nikiondoa leo, kila mji utauzwa kwa bei hii. Nikamwambia mimi sijakuuliza habari za kila mji. Akaomba aongee na watoto. Mwanangu akamuuliza, mjomba, kwenye msafara kuna biskuti? Akasema ataulizia."

Hakuondoa.

Kura ikapigwa mchana. Rasimu ya kuifunga turufu, mikono mingi juu, halafu wa kupinga mmoja. Imekufa. Rasimu ya msafara, mikono mingi zaidi, halafu yuleyule mmoja. Imekufa. Mkono wenyewe ulikuwa haujashuka vizuri kutoka kura ya kwanza.

Wa kiume alitangulia, kwa kuhara. Wa kike akamfuata.

Balozi aliporudi kwao walimpokea kwa bendera. Chuo kikampa shahada ya heshima. Gazeti likaandika mtu asiyenunulika. Dada akatoka kule siku mji ulipoanguka, mkononi ana mfuko wa nguo za watoto tu, na hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa kaka yake. Mlinzi getini akamwambia, karibu mama, wewe ndiye dada wa shujaa.

Wakaishi pamoja. Sukari ikampofusha balozi, kwa hiyo dada ndiye aliyemlisha. Na ndiye aliyemsomea magazeti. Nikamuuliza alikuwa anamsomea nini. Akasema kila turufu ilipotumika alimsomea, na idadi ya waliokufa, polepole, kwa sauti ya darasani. Nikauliza, kaka alikuwa anasemaje? "Alikuwa anasema, soma tena."

Nikamwomba neno moja zuri juu ya marehemu. Kipindi hiki ndivyo kilivyo, wasikilizaji, lazima neno zuri liwepo. Akasema:

"Hakuwahi kusema uongo. Siku ile angesema kidogo tu, angeondoa kisha airudishe keshokutwa, leo ningekuwa na wajukuu."

Na siku ya mwisho? Alikuwa anamlisha supu. Kaka akamuuliza, ungekuwa wewe pale, ungeondoa? Akamjibu, ningeondoa kabla kahawa haijapoa. Akauliza tena, na watoto wa mji mwingine? Akamjibu, hao wana mama zao.

"Akaniambia, basi wewe na yule mwenye turufu mngeelewana. Nikaacha kijiko kwenye bakuli, nikatoka nje. Niliporudi alikuwa ameshaenda."

Wasikilizaji wapendwa, nimerudia mkanda wa mazungumzo yetu na huyu mama tangu asubuhi na bado sijajua nikae upande gani. Usikimbilie kuchagua na wewe. Mtazame mtoto uliyenaye hapo chumbani, kisha umfikirie wa mji usioujua, halafu ujiulize mkono wako ungenyooka wapi. Jibu kimoyomoyo, maana ukilisema kwa sauti kuna mtu litamchoma.

Tunatoa pole kwa familia. Familia ni mtu mmoja, huyo mama. Mazishi ni kesho saa nne asubuhi. Viongozi watakuwepo na hotuba zao zimeshapigwa chapa. Yeye atakuwa amesimama peke yake kupokea mikono. Ukimfikia, ameomba niwaambie, usimwambie kwamba kaka yake alikuwa shujaa. Mpe pole ya watoto. Miaka yote hii hakuna aliyempa.