Kahawa ya Haitham Inapoa

LUBNA: Haloo? Nani mwenzangu?

SHUKRI: Mimi.

LUBNA: Mimi nani? Wenye jina hilo ni wengi.

SHUKRI: Shukri. Jirani yako wa mlango wa pili.

LUBNA: Ami Shukri? Assalamu alaikum. Kumbe una simu—

SHUKRI: Wa alaikum salaam. Ninayo, sina wa kumpigia. Sikiliza, binti. Mume wako yuko sebuleni kwangu.

LUBNA: Haitham? Amekuvunjia kitu?

SHUKRI: Nimemmiminia kahawa. Ameiweka chini, hanywi. Anaitazama tu kama mtu aliyekuja kuposa.

LUBNA: (Anacheka) Maskini. Umemuuliza ana haja gani?

SHUKRI: Anasema haja ni ya mkewe, yeye katumwa kuja kukaa tu.

LUBNA: Basi desturi unaijua, ami. Hanywi mpaka ukubali.

SHUKRI: Nikubali nini, na sijaambiwa kitu?

LUBNA: Kwanza niambie, kahawa umepika mwenyewe?

SHUKRI: Kwani nani mwingine? Tangu mke wangu Wadad afariki vikombe hivi havijatoka kabatini. Leo nimevitoa, halafu huyu mumeo ananifanyia—

LUBNA: Mungu amrehemu.

SHUKRI: Amina. Usinibadilishie maneno. Kama ni ile habari ya kula kwenu Ijumaa, nilishasema. Supu unayoniwekea mlangoni inanitosha.

LUBNA: Naona. Juzi ulirudisha sufuria inang'aa.

SHUKRI: Niliimaliza nisije nikamuudhi mpishi. Chumvi ile, nimekunywa maji mpaka asubuhi.

LUBNA: Kesho nitatia sukari. (Anashusha sauti) Si habari ya chakula, ami. Ni Kutaiba.

SHUKRI: Mdogo wako? Yule anayenipandishia mtungi wa gesi? Amefanya nini?

LUBNA: Anaposa. (Mkwaruzo) Alhamisi tunakwenda kwa kina—

SHUKRI: Inakwaruza. Anapooza?

LUBNA: Anaposa, ami. Mungu apishe mbali.

SHUKRI: Ah. Hongera zake. Sasa mimi naingiaje hapo?

LUBNA: Tunahitaji mzee wa kututangulia na kutusemea. Baba tulimzika kwetu Daraa kabla hatujakimbia, ndugu zake wametawanyika. Tukienda hivi hivi, wazazi wa binti, wenyeji wa mji wa Salt, watasema hawa wakimbizi hawana mtu. Watamnyima.

SHUKRI: Na Haitham je?

LUBNA: Haitham akisimama mbele za watu anasahau hata jina lake.

SHUKRI: Hilo naliona. Jasho linamtoka, na hajaulizwa kitu.

LUBNA: Unaona basi.

SHUKRI: (Kikombe kinagonga sahani)

LUBNA: Haloo? Upo?

SHUKRI: Nipo. Lubna, mimi sijakaa na watu tangu msiba. Wanaume wale wote wananitazama, nitasema nini? Ulimi umeshika kutu.

LUBNA: Kutu ipi? Tangu upige simu umenisema mume, umenisema supu—

SHUKRI: Hayo ni mengine.

LUBNA: Naogopa, ami. Kweli naogopa. Sina mwingine wa kumwomba. Na hata ningekuwa naye, ningekuomba wewe.

SHUKRI: (Anakohoa) Haitham. Kunywa kahawa yako, bwana.

LUBNA: Ami—

SHUKRI: Ngoja. Hapana, Haitham, hiyo imepoa, lete kikombe nikumiminie nyingine. Lubna, harakisha, salio linaniishia. Baba yako aliitwa nani?

LUBNA: Nawwaf.

SHUKRI: Mungu amrehemu. Nitasema hivi: tumekuja kumposea Kutaiba bin Nawwaf, mwanangu. Itafaa nikimwita mwanangu?

LUBNA: (Anafunika simu kwa kiganja)

SHUKRI: Lubna? Usije ukasema simu imekatika, maana nakusikia kupitia ukutani. Punguza kulia, binti yangu. Haitham atadhani nimekataa.