Jua Lililokunywa Dimbwi

Benchi letu limeegemea ukuta wa saluni ya kinyozi. Asubuhi ile hakuna kichwa kilichonyolewa. Kinyozi alikuwa amekaa na mashine mkononi, uso umemshuka. Mama Kahawa alikuwa anapepea mkaa chini ya birika, na Profesa anangoja kikombe chake. Huyu ni fundi redio. Cheo tulimpa sisi, kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Mimi nilikuja kusikiliza tu, maana ubishi wa bure huwa siukosi.

— Binti yangu hatoki nje, Kinyozi alisema. Kosa ni langu. Kaniuliza dimbwi lake la hapo mlangoni limekwenda wapi, nikamwambia jua limelinywa.

— Sasa? nikauliza.

— Sasa analiogopa jua. Anasema likishikwa na kiu tena litamnywa yeye na mdogo wake. Chekechea haendi. Mwalimu kaja mpaka nyumbani na mawingu ya pamba, wapi!

— Mwambie ukweli, alisema Profesa. Maji yanazama ardhini, yanatokea upande wa pili wa dunia. Kule ndiyo mvua yao.

— Na mvua yetu?

— Madimbwi yao.

— Profesa, unatupiga kamba.

— Nani kati yenu amefika huko? Basi nyamazeni.

Mama Kahawa akaacha kupepea.

— Ni nguo hizo! Naanika shuka mbichi, jioni kavu. Upepo unabeba maji ya nguo za mtaa mzima, ukichoka unayatupa.

— Kwa hiyo nimwambie mwanangu mvua ni maji ya kufulia?

— Mbona haina povu? nikachokoza.

— Povu ndiyo mawingu!

Profesa alisimama kupinga, tukasimama wote, kila mtu na lake. Hapo ndipo tuliposikia harufu ya kuungua.

— Mungu wangu, birika! Mama Kahawa alipiga kelele. Kahawa imebaki kidogo tu chini!

Makelele yetu yalimtoa binti mwenyewe. Alichungulia mlango wa nyumba yao, ubavuni mwa saluni, kajifunika mwavuli wa mama yake hadi mabegani.

— Baba, nani kamaliza kahawa?

— Hakuna, mama. Imechemka tu.

— Siyo jua?

— Jua halijagusa birika.

Mama Kahawa aliondoa kifuniko, akampelekea pale mlangoni. Matone yakamdondokea mtoto mkononi. Akayatazama, akakitazama kifuniko.

— Kumbe maji yalipanda huku!

Kinyozi alichuchumaa mbele yake.

— Ndiyo, mama. Na dimbwi lako lilipanda hivyohivyo. Halikunywewa. Baba alikosea.

Mtoto akafikiri. Kisha akaufunga mwavuli, akamkabidhi baba yake, akatoka juani. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba sijanywa kahawa. Profesa naye alikohoa kwa maringo, utadhani somo lilikuwa lake.

— Profesa, mtoto akamwita. Sasa dimbwi langu litarudi lini?

Sote tukatazama juu. Hakukuwa na wingu hata la dawa. Profesa aliketi tena.

— Sijui, alisema.