Daktari wa Kumpasua Huseni

Huseni wa Rasbura alikuwa na busha, na halikuwa siri, maana busha halifichiki chini ya kanzu hata iwe pana vipi. Kila alasiri alifika taratibu kwa muuza kahawa, wenzake wakamsogelea pembeni apate kukaa vizuri. Watu walikuwa na mwaka wa pili tangu wahamishiwe vijiji vya ujamaa. Yeye alikuwa na wa tatu akitafuta daktari wa kumpasua. Haliui, lakini kurukuu msikitini kazi, na watoto wa njiani hawana adabu. Ila kisu ni kisu, alisema, humpi mtu usiyemwamini.

Siku hiyo Hasani, waliyemwita Redio, alimsifia Mchina, daktari wa hospitali ya mkoa: mkono mwepesi, hata hujui kama umekatwa. Klementi akakataa. Huyu aliwahi kufagia wodi za misheni miaka sita, akatoka na jina la Dresa na maneno yote ya kidaktari. Mchina utamweleza maumivu kwa lugha gani? Bora Mzungu wa misheni, anasali kabla ya kukata.

— Anasali kwa kuwa hana hakika, alisema Redio.

— Dua la kuku halimpati mwewe, alijibu Dresa, na hakuna aliyejua hapo kuku ni nani.

Likwata, mchinjaji wa shughuli zote za mtaani, akasema daktari hapimwi kwa cheti. Mpelekee changu wa kukaanga, kisha kaitazame miba. Akiacha nyama kwenye mwiba, na wewe atakuachia kitu ndani. Redio akasema la, chunguza kwanza kama kalala vizuri na mkewe. Dresa naye akaja na lake: mganga hajigangi, basi tumtafute aliyempasua huyo daktari, halafu aliyempasua huyo aliyempasua, mpaka tumfikie wa kwanza.

Huseni alicheka mpaka akashika kiuno. Alizipenda alasiri hizi. Maadamu daktari hajapatikana, hakuna aliyemuuliza jambo jingine.

Kwenye ngazi alikuwa amekaa mama mmoja, Romana, anangoja basi la Mtama, na mkeka wake umekunjwa na sufuria jeusi kwa masizi. Mwezi mzima alikuwa hospitali akimuuguza mumewe.

— Shikamooni, baba zangu. Nisameheni kuingilia. Huyu baba, nani anakwenda kumuuguza?

Akawaeleza kama mtu anayeeleza watoto: daktari anakata nusu saa, anakwenda zake. Wewe unabaki siku kumi hujiinui. Nani atakupikia uji? Nani atakumwagia chombo, akufulie nguo za damu?

Dresa alisema korosho zimeanza kuanguka. Likwata mkewe haoni vizuri. Redio alikuwa na safari. Kila mmoja alisema kwa upole, na hakuna aliyedanganya.

— Nina binti, alisema Huseni.

Wote wakageuka. Miaka kumi na miwili jina la Mboni halijamtoka kinywani, tangu Severini, Mkristo wa bara, alipoleta mkaja, kitambaa cha mama mtu katika mahari, na Huseni akaurudisha ukiwa bado na karatasi ya dukani, Mboni akamfuata mchumba hivyo hivyo. Mama mtu akafa na kinyongo chake.

— Mboni angekuja, alisema. Nilivyomtenda mimi hakuna mtu wa kuja, lakini yeye angekuja.

— Basi mpelekee salamu, baba. Anakaa wapi?

— Mbele ya Likawage. Wana shamba lao huko, na nyumba ya miti.

— Huko mbona wamehamishwa wote, alisema Romana polepole. Yeye kapelekwa kijiji gani?

Huseni akawatazama wenzake mmoja mmoja, hawa waliojua Mchina anakula nini na Mzungu analala saa ngapi. Wakaangalia vikombe.

Basi likapiga honi. Romana akajitwika sufuria, akasema Mungu atampa wepesi, akaenda. Muuza kahawa aliinamisha dele, likatoa machicha tu.

Huseni alibaki anataja vijiji kwa sauti ya chini, kimoja kimoja, na kila alichokijua kilikuwa kile ambamo hamkai mtu tena.