Fundi Mizani na Alama Saba

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, na nimepewa karatasi hii niisome bila kuongeza chumvi, maana mwenyewe aliichungulia mwezi uliopita na kufuta maneno mawili ya sifa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1975, na Januari 1976 akaajiriwa ofisi ya vipimo, akazunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, akihakiki mizani za watu kwa miaka arobaini bila kupokea hata peremende.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa mke. Mwaka 1982 aliingia dukani kwa shemeji yangu, akakuta mizani yake inampunja mwenyewe gramu arobaini kila kilo, akamwambia hajawahi kukutana na mwizi anayejiibia, na shemeji, ambaye hakosi jibu, akamwambia basi arudi kila wiki kumlinda. Walifunga ndoa tarehe 3 Septemba 1983, wakajaliwa mapacha wawili na kitinda mimba wetu.

Novemba 2017 mgongo ulianza kumuuma, akasingizia uzee, Januari miguu ikamwishia nguvu, na vipimo vikaonyesha kuwa saratani ya tezi dume imesambaa hadi kwenye uti wa mgongo. Daktari wa mifupa, mama tunayemheshimu sana, alichukua jedwali la alama ambalo hutumika kukadiria muda wa mgonjwa, akajumlisha, marehemu akapata saba kati ya kumi na tano, maana yake miezi isiyozidi sita, na wakati ule mtu wa alama hizo alikuwa hapasuliwi, anapunguziwa maumivu tu. Bila kupasuliwa asingesimama tena. Shemeji alilia pale pale, na niseme kweli, na mimi nililia.

Marehemu aliuliza maswali. Alitaka kujua jedwali hilo lilihakikiwa lini mara ya mwisho, kwa wagonjwa wangapi, na kama kuna aliyewahi kulijaribu katika hospitali ile. Sisi tuliinamisha macho kwa aibu, lakini daktari alivuta kiti, akakiri kuwa lilitungwa kabla ya dawa za siku hizi, kuwa kwa wagonjwa mia linaweza kuukaribia ukweli ila kwa mtu mmoja likakosea mbali, na kuwa pale hakuna aliyewahi kulihakiki. Ndipo marehemu akamkumbusha kuwa alimpima nguvu za miguu, ambazo nazo huhesabiwa katika alama, asubuhi ile baada ya sindano iliyomlegeza mwili mzima, jambo ambalo kwa fundi ni sawa na kupima sukari bila kutoa uzito wa chombo. Daktari alicheka, akampima upya kesho yake, akakaa na mwenzake wa dawa za saratani, alama zikapanda hadi kumi, na badala ya kuliachia jedwali liamue, wakaamua wao pamoja naye. Alipasuliwa tarehe 6 Februari 2018, na mwezi wa tano alitembea mwenyewe hadi dukani.

Kisha alimwomba daktari aanzishe daftari, safu moja ya alama, ya pili ya muda uliokadiriwa, ya tatu ya muda mtu alioishi kweli, na kila Alhamisi alikwenda kulipigia mistari na kukaa na wagonjwa wapya. Mwalimu mmoja aliyelazwa kitanda cha jirani alikadiriwa kuishi mwaka, akafariki baada ya wiki tatu, na marehemu alisisitiza naye aandikwe, kwa sababu fundi anayeficha kosa la mizani ni mbaya kuliko mizani yenyewe. Leo wameandikwa watu sitini na wawili, na tumeambiwa hakuna tena anayenyimwa upasuaji kwa hesabu ya alama pekee.

Machi mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu, akafariki nyumbani tarehe 19 Aprili 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji, na wenzake wa ofisi ya vipimo waliombeba leo. Daktari wa mifupa yupo hapa, na amekuja na lile daftari. Mstari wa kwanza ni wa kaka yangu, alama saba za kipimo cha kwanza, miezi isiyozidi sita, na safu ya tatu bado iko wazi. Familia imenituma nimsomee daktari cha kuandika, nasi tumehesabu mara mbili tangu siku alipopasuliwa, kama alivyotufundisha: miaka minne, miezi miwili na siku kumi na tatu.

Pumzika kwa amani, kaka.